Mtu wa Vita na Funguo za Hazina



Ilikuwa Machi 2005, baada ya sala ya isha, tumekaa barazani mtaani kwetu Mombasa na redio iko katikati yetu juu ya kibao. Habari ikasomwa kwamba Rais wa Marekani, George W. Bush, amemtaja Paul Wolfowitz, naibu waziri wake wa ulinzi, awe rais mpya wa Benki ya Dunia. Baraza likanyamaza kidogo. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, ambaye taarifa ya habari haimpiti hata siku moja, akanigeukia akaniuliza: "Maalim, huyu si yule yule wa vita vya Iraki?" Nikamwambia ndiye. Akasema: "Sasa amepewa na hazina?" Kisha akacheka kicheko kisichokuwa na furaha, akamwita muuza kahawa.

Swali la mzee yule sikulijibu usiku ule, kwani sikuwa na la kumjibu. Habari za Benki ya Dunia nilizijua kama anavyozijua kila mtu: ule ubao kando ya njia unaosema kwamba barabara hii imejengwa kwa mkopo fulani. Baadaye nikaanza kuisoma habari hii kidogo kidogo, mpaka mambo yote yakaisha na mtu mwenyewe akaondoka. Leo nataka nikupe wewe msomaji jawabu ambalo mzee wangu yule hakulipata kwangu. Yeye ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kwanza tuijue hazina yenyewe. Benki hii ilibuniwa Julai 1944, vita vikuu vya pili havijesha, katika hoteli moja huko Bretton Woods, jimbo la New Hampshire, Marekani. Walihudhuria wajumbe wa nchi 44. Kutoka Afrika zilikuwako nchi nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilikuwa mikononi mwa Wazungu wachache. Sisi wa pwani hii, Mombasa na Lamu, Tanga na Unguja, tulikuwa chini ya Mwingereza, na aliyetusemea ni yeye. Lakini Iraki ilikuwako. Iraki ni miongoni mwa waasisi wa benki hii, nalo neno hilo uliweke akilini.

Jina lake kamili la mwanzo ni Benki ya Kimataifa ya Ujenzi Mpya na Maendeleo. Ujenzi mpya ndio uliotangulia, kwa maana Ulaya ilikuwa imebomolewa. Na mkopo wa kwanza, dola milioni 250, ulikwenda Ufaransa mwaka 1947. Baadaye benki ikazigeukia nchi maskini, na mwaka 1960 likafunguliwa dirisha la pili linalozikopesha nchi zilizo maskini zaidi kwa malipo madogo na kwa muda wa miaka mingi. (Suala la riba lina mlango wake, na leo sitaufungua.)

Sasa, benki hii ni ya nani? Ukiuliza utaambiwa ni ya nchi zote wanachama. Ni kweli, lakini kura humo haihesabiwi kwa vichwa, huhesabiwa kwa hisa. Mwaka 2005 Marekani peke yake ilikuwa na takriban asilimia 16 ya kura. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, zaidi ya 40, zilikuwa na viti viwili tu katika viti 24 vya wakurugenzi. Cha tatu zilikuja kupewa mwaka 2010. Yaani wale ambao mikopo inawahusu zaidi kuliko watu wote walikuwa wamebanana katika viti viwili, kama abiria wa matatu ya jioni.

Na rais wake? Hakuna kifungu katika mkataba kinachosema kwamba lazima awe Mmarekani. Kuna maelewano ya mdomo tu, ya tangu mwanzo, kwamba Marekani itatoa mkuu wa Benki ya Dunia na Ulaya itatoa mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mfano wake ni chama chetu cha mtaa cha kuzikana. Jirani mmoja tajiri akatia fungu kubwa kuliko wenziwe, kisha akasema: mweka hazina atatoka nyumbani kwangu. Hakuliandika katika daftari la chama, wala hakuna aliyelipinga siku ile kwa kuwa fedha zilikuwa zinahitajika. Ikapita miaka, akafa mweka hazina wa kwanza, akaja wa pili na wa tatu, wote nyumba moja. Watoto wa mtaa wakakua wakidhani ndiyo sheria. Ndivyo ilivyokuwa tangu Eugene Meyer, rais wa kwanza, mwaka 1946. Wote walioteuliwa baada yake wamekuwa raia wa Marekani.

Wolfowitz hakuwa mtu wa kwanza kutolewa vitani akapewa funguo hizi. Kabla yake alikuwako Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Marekani tangu 1961, aliyeisimamia vita vya Vietnam mpaka watu wakaviita vita vya McNamara. Mwaka 1967 alikuwa ameanza kuingiwa na shaka, na Novemba mwaka ule akamwandikia Rais Johnson kumshauri asimamishe mabomu ya Vietnam ya Kaskazini. Johnson hakulikubali shauri hilo, na mwezi ule ule ikatangazwa kwamba McNamara atakwenda Benki ya Dunia. Akaanza kazi Aprili 1968. Miaka mingi baadaye mwenyewe alikuwa akisema kwamba hajui kama alijiuzulu au alifukuzwa. Tazama mambo ya wakubwa hao, msomaji! Sisi mlinzi wa duka akiachishwa kazi hujua.

Lakini McNamara ametuhusu sisi. Septemba 1973 mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia ulifanywa Nairobi, katika lile jumba refu la duara la mikutano lililokuwa jipya wakati huo. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, na ninalolikumbuka ni wakubwa wakizungumza kwamba mabwana wa fedha za dunia wako kwetu. Hapo ndipo McNamara alipotoa hotuba yake juu ya umaskini wa kupindukia, wa mtu asiyekuwa na chakula cha kumtosha, wala ilimu, wala dawa. Akasema benki isiishie kwenye mabwawa na bandari, iwatazame wakulima wadogo, na akaweka shabaha kwamba ifikapo 1985 mavuno yao yawe yanakua kwa asilimia 5 kila mwaka. Alipoondoka mwaka 1981, mikopo ya benki ilikuwa imepanda kutoka kiasi cha dola bilioni moja kwa mwaka mpaka kiasi cha bilioni 12. Kama fedha zile zote zilimfikia mkulima mdogo, au ziliacha madeni ambayo wajukuu wake wanayalipa, hilo watu wamelibishania na wangali wanalibishania. Ninalolisema ni kwamba mtu yule aliingia benki akiwa amekwisha kuuona ubaya wa alilolifanya, na mwaka 1995 akaandika kitabu akakiri kwamba walikosea. Kukiri kwake hakukumfufua Mvietnam hata mmoja. Hata hivyo huyu aliondoka vitani na shaka moyoni, na Wolfowitz hakuondoka nayo.

Tumtazame basi Wolfowitz, tena kwa haki, kwani kumchukia mtu si ruhusa ya kumdhulumu. Alizaliwa New York mwaka 1943. Baba yake alikuwa mtaalamu mashuhuri wa hesabu za takwimu, Myahudi aliyetoka Poland akiwa mtoto, na jamaa zao waliobaki huko waliuawa na Hitler. Mwana alisoma hesabu kisha siasa, akapata shahada ya udaktari mwaka 1972. Baina ya 1986 na 1989 alikuwa balozi wa Marekani nchini Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi yoyote duniani. Alijifunza lugha yao, akaingia majumbani mwao, na alipokuwa akiaga alisema hadharani kwamba nchi ile ya Suharto yahitaji uwazi zaidi katika siasa. Si jambo dogo kwa balozi. Wako Waindonesia waliosema baadaye kwamba katika miaka ile hawakumsikia akiwatetea walioonewa vya kutosha. Pima mwenyewe.

Mwaka 2001 akawa naibu waziri wa ulinzi, na tangu siku za mwanzo baada ya mashambulizi ya Septemba 11 alikuwa miongoni mwa waliosukuma kwamba Iraki ipigwe. Februari 2003 mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, Jenerali Eric Shinseki, aliwaambia wajumbe wa Bunge kwamba kuishika Iraki baada ya vita kutahitaji askari laki kadhaa. Siku mbili baadaye Wolfowitz akasimama mbele ya wajumbe akasema makadirio hayo yako mbali kabisa na ukweli. Vita vikaanza Machi 20. Wiki moja baadaye akawaambia kwamba Iraki ina mafuta, na nchi ile itaweza kuugharamia ujenzi wake yenyewe, tena karibuni tu.

Ndugu msomaji, hapa pana jambo ambalo wengi waliompinga mwaka 2005 hawakulisimamia ipasavyo. Wao walisema: huyu ni mtu wa vita, hafai. Ni kweli, lakini McNamara naye alikuwa mtu wa vita. Lililo zito zaidi ni kwamba Wolfowitz alikuwa amekosea katika kazi ile ile ya benki. Kukadiria gharama ya kuijenga upya nchi iliyobomoka, kuangalia itachukua miaka mingapi, nani atalipa na kwa nini, hiyo ndiyo kazi ambayo benki iliundiwa huko Bretton Woods. Alipewa hesabu moja kubwa ya namna hiyo, juu ya nchi ambayo ni miongoni mwa waasisi wa benki yenyewe, akaikosea vibaya mno. Askari hawakutosha, mafuta hayakulipa, na silaha zilizotajwa kuwa sababu ya vita zilitafutwa mpaka wakaguzi wa Marekani wenyewe wakaandika mwaka 2004 kwamba hazikuwako. Oktoba 2003 mwenyewe alikuwa amelala hoteli ya Al-Rashid mjini Baghdad maroketi yalipoipiga. Afisa mmoja wa Kimarekani akafa, yeye akatoka salama. Fundi aliyejenga nyumba ikaanguka na watu ndani humpi msikiti aujenge kabla hajakueleza ile nyumba iliangukaje.

Lakini hakuulizwa. Bush alimtaja Machi 16, 2005, na moja katika sifa alizozitoa ni kwamba mtu huyu amesaidia kuendesha wizara kubwa, na benki nayo ni kubwa. Watumishi wengi wa benki wakanung'unika. Ujerumani waziri wa maendeleo akasema kwa adabu ya kidiplomasia kwamba furaha ya Ulaya haifuriki. Hata mwimbaji Bono wa Ireland aliingia katika kisa: gazeti moja la Marekani lilikuwa limependekeza yeye ndiye apewe benki, na Wolfowitz alipotajwa akampigia simu wakazungumza juu ya umaskini wa Afrika. Mimi sina ugomvi na waimbaji, lakini nilijiuliza kama kuna waziri wa fedha wa Kiafrika aliyepata simu ndefu kama ile. Machi 30 akenda Brussels kuwatuliza Wazungu wenziwe. Kesho yake, Machi 31, wakurugenzi wote 24 wakampitisha. Ilikuwa ni siku kumi na tano tangu kutajwa, hapakuwa na jina la pili, wala hapakuwa na mkono uliopinga.

Hawa walionung'unika jana vipi leo wameitika wote? Jawabu langu ni kwamba Ulaya ilikuwa na kiti chake cha Shirika la Fedha cha kukilinda, na maskini walikuwa na mikopo yao ya kuilinda. Kila mmoja alinyamaza kwa ajili ya chake. Na mtu aliyekubaliwa kwa namna hii hupata kiti tu, nyoyo za watu hazipati. Siku anapoteleza ndipo anapoona tofauti.

Akaanza kazi Juni 1, 2005, na mwezi ule ule akafunga safari ya Afrika: Nigeria, Burkina Faso, Rwanda na Afrika Kusini. Wenyeji walimpokea vyema, na walioandamana naye walieleza kwamba alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Julai mataifa makubwa yalikutana Gleneagles, Scotland, yakaafikiana kuzifutia madeni nchi nyingi maskini, na mwaka 2006 Benki ya Dunia ikaanza kuyafuta ya kwake. Tanzania ikafutiwa. Kenya haikuwamo, kwani haikuhesabiwa katika kundi lile la nchi zilizolemewa. Watu wa mpaka mmoja, wavuvi wa bahari moja, mmoja kafutiwa na mwenziwe bado analipa!

Kisha akalishika jambo ambalo alitaka alitambulikane nalo, nalo ni rushwa. Akasema fedha za maskini zinaibwa na benki imekaa kimya. Katika hili, wallahi, hakusema uongo. Nani katika sisi asiyejua? Januari 2006 alisimamisha mikopo ya Chad, kwa sababu serikali yake ilivunja ahadi ya kuyatumia mapato ya mafuta kwa kupunguza umaskini. Mikopo ya afya ya India ikazuiliwa. Kenya nayo ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo fedha zake zilicheleweshwa, wakati ambapo kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa katika kila gazeti. Nakumbuka tulivyogawanyika barazani kwetu. Vijana walisema: vizuri, wezi wanyimwe. Mzee wangu wa bandarini akasema: "Mwizi yuko Nairobi ana gari tatu. Atakayenyimwa ni mtoto wa zahanati." Wote walikuwa na haki, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo.

Tena ikaonekana kwamba mkono wake ni mzito mahali fulani na mwepesi mahali pengine, na kwamba maamuzi hutoka kwake na kwa wasaidizi wachache aliokuja nao kutoka serikali ya Bush, bila ya mizani ijulikanayo. Septemba 2006, katika mkutano wa Singapore, mawaziri wakamwambia lazima mpango wake wa rushwa upite mbele ya wakurugenzi na wausimamie wao. Waziri wa Uingereza, Hilary Benn, alikuwa amekwisha kutishia kuzuia pauni milioni 50.

Januari 2007 kulitokea kisa kidogo, nami nakisimulia kwa sababu kilichekesha dunia nzima na mimi hakikunichekesha. Alikuwa Uturuki, akenda mji wa Edirne kuuzuru msikiti wa Selimiye, ule uliojengwa na Sinan, fundi mkuu wa Masultani, ukamalizika takriban mwaka 1575. Mlangoni akavua viatu kama inavyopasa. Soksi zake zote mbili zilikuwa zimetoboka, vidole gumba vikachungulia nje, na wapiga picha wakaviona. Picha ikaenea magazetini: mkuu wa benki ya ulimwengu hana soksi. Mimi nilimwona ni mtu aliyeufuata adabu ya msikiti bila ya kujali ataonekanaje, na soksi iliyotoboka si aibu. Wakubwa wa dini yetu walivaa nguo zenye viraka na hazina ziko mikononi mwao. Laiti angeshtakiwa kwa soksi peke yake.

Miezi miwili mitatu baadaye shtaka likaja. Alipoingia benki mwaka 2005 palikuwa na mwanamke mmoja mfanyakazi wa humo, aliyeajiriwa tangu 1997, ambaye alikuwa na mahusiano naye ya karibu yasiyokuwa ya ndoa. Hukumu ya jambo hilo kwetu inajulikana, wala silo nililoketi kuliandika. Na jina la mwanamke yule sina haja nalo. Kanuni ya benki inasema mkubwa asimsimamie mtu mwenye mahusiano naye. Wolfowitz aliieleza kamati ya maadili tangu mwanzo, nayo ikashauri kwamba mwanamke ahamishiwe mahali pengine na afidiwe. Mpaka hapo hana lawama. Lakini Agosti 2005 mwenyewe akamwandikia mkuu wa watumishi barua akiyapanga masharti: apelekwe wizara ya mambo ya nje ya Marekani huku benki ikiendelea kumlipa, na kila mwaka aongezwe asilimia 8. Mshahara wake ukapanda kutoka dola 132,660 mpaka 193,590 kwa mwaka, tena bila kodi. Akawa anapata zaidi kuliko waziri mwenyewe wa wizara ile, Condoleezza Rice.

Nchi zinanyimwa zahanati kwa sababu mkubwa fulani kampendelea jamaa yake, na barua hii ipo mezani! Aprili 2007 habari zilipotoka, watumishi walikusanyika katika ukumbi wa benki mjini Washington. Akasimama mbele yao akaomba radhi, akasema amekosea. Wakampigia kelele ajiuzulu. Wengine wakavaa utepe wa buluu kifuani kuonesha kwamba wanataka utawala safi. Kamati ya wakurugenzi saba ikachunguza, na katikati ya Mei ikasema kanuni zilivunjwa. Mei 17 ikatangazwa kwamba ataondoka Juni 30. Katika tangazo lile wakurugenzi waliandika kwamba wanayakubali maelezo yake kuwa alitenda kwa nia njema, na kwamba makosa yalifanywa na wengi. Ni lugha ya kumfungulia mtu mlango atoke bila kusukumwa.

Nilipokuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki, nilikuwa nikisema kwamba aliangushwa na Iraki, na mshahara ulikuwa kisingizio tu. Wako waliomtetea vivyo hivyo, Marekani hasa. Siku hizi sisemi hivyo tena. Barua ile aliiandika yeye, hakuandikiwa na adui. Lakini pia naona kwamba kosa kama lile, kwa mkuu ambaye watu walimchagua wenyewe wakamwamini, lingetengenezwa kwa radhi na kurudisha fedha. Yeye hakuwa na akiba ya imani ya kutoa. Aliletwa na nyumba moja, akapitishwa na watu walionyamaza, akawahubiria wengine unyofu, na alipoteleza kila mmoja akakumbuka kwamba hakuwahi kumkubali. Iraki haikumwangusha, ila ilifanya asipatikane mtu wa kumshika.

Na wale walionyamaza Machi 2005, je? Wao hakuna aliyewaunda kamati. Wakurugenzi waliokuja kumhukumu walikaa katika viti vile vile ambavyo jina lake lilipitishwa bila ya swali hata moja juu ya hesabu ya Iraki. Hili ndilo ambalo ningemjibu mzee wangu: hazina hakuinyakua, alikabidhiwa, na waliomkabidhi ni pamoja na wawakilishi wetu katika vile viti viwili.

Alipoondoka watu wengi, wakiwamo Wamarekani, walisema sasa ndio wakati wa kuuacha ule mwiko wa mdomo. Lakini Julai 1, 2007 akaingia Robert Zoellick, mtu wa serikali ile ile ya Bush, kutajwa na nyumba ile ile. Mwaka 2011 benki ikaandika kanuni kwamba rais atafutwe kwa uwazi na kwa ustahiki wake. Mwaka 2012, kwa mara ya kwanza katika tarehe yake, yakawekwa majina ya watu wasiotajwa na Marekani: Ngozi Okonjo-Iweala, waziri wa fedha wa Nigeria, aliyekuwa amefanya kazi ndani ya benki miaka mingi na kufika cheo cha mkurugenzi mtendaji, na José Antonio Ocampo wa Colombia, aliyejitoa kabla ya siku ya mwisho. Mama yule wa Nigeria aliijua benki chumba kwa chumba. Aprili 16, 2012 akachaguliwa Jim Yong Kim, daktari Mmarekani mzaliwa wa Korea, aliyetajwa na Rais Obama. Kim akaondoka 2019 kabla ya muda wake kwisha, akaja David Malpass aliyetajwa na Donald Trump, na hapo hapakuwa na mwengine aliyeshindana naye.

Malpass alipotangaza mwaka 2023 kwamba anaondoka, benki ilifungua mlango wa majina, ikasema nchi yoyote mwanachama yaweza kutaja mtu, na wanawake watiliwe mkazo. Rais Biden akamtaja Ajay Banga, mzaliwa wa India aliyekuwa raia wa Marekani. Mlango ulikuwa wazi mpaka Machi 29. Ulipofungwa, jina lililokuwamo lilikuwa ni hilo moja.